Inchi Mbili Kabla ya Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Nimepimwa kwa fundi cherehani. Kiuno inchi arobaini na moja. Mkono wa juu sitautaja. Nikimuaga mtu, kiganja kinatulia lakini nyama inaendelea kuaga.

Harusi ya mjukuu wangu ni tarehe tano mwezi ujao. Mabibi wawili tutavaa sare, kitambaa kimoja, mshono mmoja, mikono wazi. Mimi niliyemzaa mama yake, na Bi Manukato aliyemzaa baba yake. Huyo harufu yake hufika kwanza, yeye mwenyewe hufuata baada ya dakika tano. Kiuno chake arobaini na mbili! Nilikuwa nyuma ya pazia, nimesikia kwa masikio yangu.

Harusi iliyopita mpiga picha alitupanga kwa unene. Wembamba mbele, wanene nyuma. Picha ile ipo ukutani sebuleni kwa binti yangu, na mimi nimo: kipaji cha uso na nusu ya kilemba. Mgeni mmoja aliuliza kama ule ni mto wa kiti. Safari hii ni mstari wa mbele, liwalo na liwe.

Bi Manukato alipokuwa anatafuta viatu vyake nikamnong'oneza fundi ashone yangu inchi thelathini na tisa. Na asiache kitambaa cha ziada kwenye mishono, maana sitakihitaji. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nimelea watoto saba, sijawahi kuulizwa swali hilo na mtu aliyevaa ndala.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda ukumbi wa mazoezi. Mwalimu ni msichana mwenye kiuno cha nyigu. Akaniambia nilale chini. Saa nne asubuhi! Nilale mbele za watu, mimi mgonjwa? Halafu akanipa chupa mbili za maji, niinue juu, nishushe chini, juu, chini. Nikamuuliza tunayapeleka wapi maji haya. Akasema hatuyapeleki popote.

Nikaziweka chupa chini nikaondoka. Mtu mzima habebi maji yasiyofika.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefua mablanketi manne. Kukamua peke yangu siwezi, nikamwita msusi wa nyumba ya pili. Yeye akashika ncha ile, mimi hii, akapinda kushoto, nikapinda kulia. Haikupita dakika akaanza kulialia eti mikono inawaka moto, eti mbavu zinamvuta.

Mikono! Mbavu! Nikaiachia ncha yangu, blanketi likaanguka topeni. Si ndiyo yale yale ya ukumbini? Ila huku blanketi linakauka. Nikamwambia msusi huo ndio moto wenyewe unaoyeyusha manyama uzembe. Alifue tena lile la topeni, na kesho aje na wenzake. Akashukuru. Watu wa siku hizi ukiwapa jina la kitu wanashukuru.

Jumanne, 11 Machi

Wanawake tisa uani kwangu! Nimewawekea sheria. Ndoo mbili, moja kila mkono, kutoka bombani hadi kwenye pipa langu, ndiyo mikono. Kukamua nguo nzito wawili wawili, ndiyo mbavu. Kufagia chini ya kitanda bila kupiga magoti, ndiyo kiuno. Mmoja alinung'unika. Nikamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka kiuno vilevile. Chakula ni mboga za kuchemsha na tunda moja. Sukari marufuku.

Mimi nakaa kwenye kiti nahesabu. Huwezi kuhesabu na kuinama kwa wakati mmoja. Nimeishia darasa la tatu, lakini hadi mia sijawahi kukwama.

Mke wa mwokaji mikate amekuja na keki sita kwenye mkoba. Nimezinyang'anya. Kutupa chakula ni dhambi, kwa hiyo nimezila kwa niaba ya darasa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimesikia harufu. Baada ya dakika tano Bi Manukato mlangoni. Kwa sauti ya asali akasema amesikia sifa za darasa langu, naye anaomba apunguzwe kitambi, dada yangu usininyime.

Nimempata! Nitampa kazi mpaka akimbie, akifika kwake ajitupe kitandani na sahani tumboni. Nimempa ndoo za kupandisha ngazini hadi tangi la juu. Nimempa mazulia yote. Nikamwambia mwili wake ni mbishi, unahitaji dozi mara mbili ya wenzake. Akasema ahsante mwalimu. Mwalimu! Majirani wote wamesikia.

Binti yangu akanivuta pembeni akaniuliza hasa ni nani anayepunguza kiuno hapa. Nikamwambia kocha hachezi mpira.

Alhamisi, 27 Machi

Nyumba inang'aa mpaka paka anajiona sakafuni. Pipa limejaa. Chini ya kitanda nimepata viatu nilivyomsingizia marehemu mume wangu kwamba amevigawa. Mungu amrehemu, alibisha sana.

Keki zinaendelea kunyang'anywa. Siku hizi mke wa mwokaji analeta kumi na mbili, eti amegundua sita hazinitoshi. Mjinga. Anadhani nafanya kwa kupenda.

Gauni la nyumbani linanibana. Nadhani ni yale maji ya tangi, yanakaza nguo.

Jambo moja sijalielewa. Bi Manukato hajakimbia. Leo amepanda ngazi na ndoo mbili huku anaimba. Nimemwongezea ndoo tatu. Akaimba ubeti mwingine.

Jumatano, 2 Aprili

Siku ya kujaribu nguo. Sitaki kuandika. Naandika.

Nguo yangu ilipita kichwani, ikapita kifuani kwa taabu, ikasimama. Zipu ikapanda vidole vitatu ikagoma. Fundi akanipima: arobaini na mbili. Nikamwambia futi yake imesinyaa. Akaleta nyingine: arobaini na mbili na robo. Nikamwambia arudishe ile ya kwanza.

Pazia la pili likafunguka. Bi Manukato! Nguo inamning'inia kama imeanikwa. Kiuno thelathini na tisa. Na mikono, jamani. Imekaza kama kamba ya kisimani. Nani aliyeikaza? Mimi, ndoo kwa ndoo! Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe haifungi.

Fundi akasema kitambaa kimeisha dukani, na cha kuongeza kwenye mishono hakuna, maana kuna mtu alimkataza. Hakunitaja. Alinitazama tu. Siku tatu kabla ya harusi! Nikajiona tena kule nyuma, kipaji na nusu kilemba, miaka mingine ishirini ukutani. Nikakaa kwenye kigoda cha fundi nikalia. Ila mengi yalikuwa jasho.

Bi Manukato akaniangalia. Akaiangalia nguo yangu. Akaanza kuvua yake. Nikaivaa, zipu ikapanda kama imeitwa. Naye akavaa yangu, ikamkaa kama imemwagwa mwilini. Kwenye kioo akajigeuza mara nne. Mara moja ingetosha.

Fundi nimemwapisha. Sare ni sare, nani atajua ipi ya nani?

Jumamosi, 5 Aprili

Ushindi! Ushindi mtupu!

Mpiga picha ni yule yule, mwenye kichwa cha nazi. Alitupanga kwenye ngazi za nje ya ukumbi. Bi Manukato mbele, kando ya bibi harusi. Mimi akaninyooshea kidole: mama, wewe nyuma. Nikamwambia nyuma nilishawahi kukaa, hakuna kitu kule. Akasema ngazi ni nyembamba, hapatoshi, nitamziba bibi harusi. Aliyasema hayo kwa sauti, mbele ya wakwe! Mjukuu wangu akaanza kulengwa na machozi, na wanja ule umemchukua saa nzima. Nikaona basi, nisimharibie mtoto siku yake. Nikainua mguu nipande nyuma.

Bi Manukato akatoka kwenye mstari akaingia ukumbini. Alipotoka alikuwa amebeba kile kiti kikubwa cha mbao cha mgeni rasmi, amekiinua juu ya kichwa, mikono imenyooka, vile vile nilivyomfundisha ndoo. Wanaume wawili waliotaka kumpokea wakarudi nyuma. Akakitua chini kabisa, mbele ya ngazi, akaniambia kaa mwalimu.

Nikakaa. Mbele ya mstari wa mbele! Wote nyuma yangu, wembamba na wanene, mpaka mgeni rasmi, ambaye hakuwa na pa kukaa. Kiuno ukikiketisha nani atakipima? Mikono ilishika shada la maua, nyama ikatulia. Mpiga picha akafungua mdomo, nikamkazia jicho, akaufunga akapiga.

Baadaye mashangazi wa bwana harusi wakamuuliza Bi Manukato mikono ile kaipata wapi. Akanielekezea kidevu. Wakanipa mkono mmoja mmoja. Nilikuwa natafuna, nikawapa wa kushoto.

Jumatatu, 7 Aprili

Binti yangu amekuja kuniuliza eti nimejifunza nini. Nikamwambia walimu hawajifunzi, wanafundisha. Darasa langu limetoa kiuno cha thelathini na tisa, na hilo fundi ni shahidi. Kwamba kiuno chenyewe kimefungwa kwa mtu mwingine ni habari ndogo.

Bi Manukato ameamua kufungua darasa kwake, upande wa pili wa barabara. Ana mazulia sita na kisima. Ameniomba nijiunge, eti tukamue pamoja, mimi na yeye, kila asubuhi, na kufikia mvua zijazo nitakuwa nimepungua. Amenihifadhia ndoo mbili mpya. Nilikaribia kuguswa.

Nimemkubalia, lakini nitakwenda kama mkaguzi. Nimemwambia aniwekee kiti kivulini na chai yenye sukari ya kutosha. Ukaguzi unachosha, na mimi mwilini sina akiba.