Shangazi wa Kuokota

Wengi wetu tukiona mgeni tunaona mgeni. Lennox Mung'aro akiona mgeni anaona chakula cha mchana, na asubuhi ile karibu na lango la ngome ya Mombasa aliona cha mwezi mzima. Mama mmoja mwenye kofia pana alikuwa akimuuliza askari wapi atapata mwongoza watalii mwenye leseni. Askari hajafungua mdomo, Lennox keshafika.

"Umeshampata, mama. Naitwa Lali, mzaliwa wa Mji wa Kale."

Kwao ni Kaloleni, amepanga Tudor, na kofia ya vito kichwani, iliyodariziwa kama za wenyeji, aliinunua Makadara juzi tu. Lakini tumtendee haki: beji shingoni alikuwa nayo. Aliipata kwenye semina ya ufugaji wa kuku, alikokwenda kwa ajili ya chai, na siku za kazi aliivaa kinyume, picha ya jogoo ikitazama kifua chake.

Yule mama aliitwa Purity, katibu wa chama cha akina mama wa Murang'a. Jumamosi wenzake wangeshuka basi zima, naye ametangulizwa kutafuta mtu wa kuwatembeza.

"Mwaka jana tulikwenda mji mwingine, kijana akatuambia ni mwenyeji," alisema. "Akatupeleka kwenye yadi ya vyuma chakavu. Tulipiga picha sana, tukidhani ni makumbusho. Safari hii nataka mwenyeji wa kweli."

Basi zima! Lennox akaanza kuhesabu viti kichwani. Akilipata basi lile hatarudi tena Feri kuuza miwani ya jua, kazi aliyoichukia kutoka moyoni, maana kila mteja huivaa, hujitazama kwenye simu, hujisifu, kisha huirudisha akakimbilia feri.

Akaanza kazi kwa bidii ya mtu asiyejua chochote. Alimwonyesha Purity mlango wa nakshi, akamweleza kwamba kila msumari wa shaba uligongwa siku mwenye nyumba alipogombana na mama mkwe.

"Masikini," Purity akasema, akiutazama mlango ulivyojaa misumari. "Aliteseka."

Ila silaha yake kubwa haikuwa historia. Ilikuwa salamu. Lennox alikuwa amegundua kwamba watu wa Mji wa Kale hawaachi salamu ikaanguka chini. Ukimwamkia mzee usiyemjua, atakujibu, atakuuliza hali, atakuuliza na ya nyumbani, na mgeni aliye pembeni ataapa kwamba nyinyi ni damu moja. Basi akawa anazigawa kila kichochoro. "Sabalkheri, mzee! Shikamoo, mama! Watoto hawajambo?" Na kila baraza likamjibu kwa ukarimu, masikini ya Mungu, bila kujua linafanya kazi ya nani.

"Kweli unajulikana," Purity akasema. "Na kwenu ni wapi hasa?"

Hapo ndipo ulimi ulipomponza. Mbele yao, bibi mmoja mwenye leso mabegani alikuwa amekaa barazani akichambua mchele, kando yake mtungi wa gesi. Lennox alikuwa amemsalimia mara nyingi mbele ya wageni, akijitangaza kwa jina la Lali.

"Pale pale. Yule ni shangazi yangu. Shikamoo, shangazi!"

Alikusudia kupunga mkono na kupita. Lakini upepo wa pwani, ambao hauna rafiki, uliigeuza beji. Yule bibi, Bi Ummukulthum, akamtazama kijana, akamtazama jogoo, akamtazama yule mgeni, halafu akautazama mtungi wa gesi, uliokuwa mtupu tangu alfajiri.

"Marahaba, mwanangu!" akapaza sauti. "Lali! Mwana wa ndugu yangu! Ndoo hapa nikutizame. Hata mazikoni kwa babako hukuja!"

Purity akasimama. "Hukumzika baba yako?"

"Nilikuwa... kazini," Lennox akasema, huku akiirudisha beji haraka kifuani.

"Nimemsamehe," alisema bibi, akijifuta macho yaliyokuwa makavu kabisa. "Damu ni damu. Na Mungu amemleta siku ya harusi ya mjukuu wangu. Shika mtungi huo, mwanangu, ukabadilishe. Ukirudi, sufuria za pilau ziko darini."

Angefanyaje? Kukataa ni kusema yeye si wa pale, na basi la Murang'a lipotee. Akaubeba mtungi. Akarudi, akateremsha sufuria, kila moja ikimtosha yeye kuogea. Akapandisha magunia ya mchele. Ngazi za nyumba zile zilijengwa na watu wembamba waliochukia wabebaji, hilo Lennox aliligundua mwenyewe, na ndiyo historia pekee ya kweli aliyojifunza siku ile. Kisha akawekwa mbele ya kilima cha vitunguu.

Purity alikuwa amekaribishwa sebuleni kwa juisi baridi ya ukwaju. Karibu naye alikuwa Mwanabaraka, mjukuu mwingine wa bibi, wa kike, aliyetoka kazini na beji yake ya mwongoza watalii shingoni. Hiyo ilisomeka pande zote mbili. Lennox, kisu mkononi, alimsikia akieleza habari za milango, na humo hamkuwa na mama mkwe hata mmoja. Purity alicheka, akauliza, akauliza tena. Lennox alilia, na si kwa ajili ya vitunguu peke yake.

Alipotoka jikoni, Purity alikuwa anavaa kofia yake.

"Lali, Jumamosi Mwanabaraka ndiye atakayetutembeza."

"Na mimi?"

"Wewe una familia inayokutegemea. Hata mazishi ulikosa kwa sababu ya kazi! Mimi siwezi kukutoa kwa shangazi yako tena."

Alipokwenda zake, Lennox akamgeukia bibi kwa hasira. "Bibi, wewe wajua mimi si mwana wa ndugu yako!"

"Najua sana. Ndugu yangu hakupata mwana, seuze wa kufuga kuku." Akamkabidhi sinia la pilau lililofunikwa kawa. "Lakini umezitumia salamu zangu tangu Ramadhani, wala siku moja hukukaa ukaniuliza jina. Leo umezilipa. Kula, kisha upange viti."

Alikula, kwa sababu njaa haina aibu. Alipanga viti. Na pilau, lazima aseme ukweli walau mara moja, ilikuwa tamu.

Jumamosi ilimkuta Feri na ubao wake wa miwani. Mteja wa kwanza wa maana, bwana mmoja mwenye tai, alikuwa tayari ameingiza mkono mfukoni, sauti ilipotoka katikati ya umati.

"Lali! Mwana wa ndugu yangu! U mzima?"

Lennox aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Salamu ilikuwa hewani na watu wote walikuwa wakimtazama.

"Shikamoo, shangazi," akasema.

"Marahaba." Bi Ummukulthum akachagua miwani kubwa kuliko zote, akaivaa juu ya buibui lake, akajitazama kwenye simu ya yule bwana, akapendezwa. Akachukua na ya Mwanabaraka. Kisha akapanda feri nazo zote mbili, bila kuuliza bei.

"Vijana wa Mombasa mna adabu sana kwa wakubwa," yule bwana akasema, akiutoa mkono mfukoni mtupu, akaikimbilia feri.