Sufi ya Mto wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 1997
Awuor ametumbukiza kichwa sasa hivi kwenye ndoo niliyooshea karai. Katoka anang'aa kama mtu wa kwenda kanisani. Nimempangusa, nimembusu, nywele zinanuka samaki wangu wa biashara, mbuta wa kukaanga. Nikacheka. Halafu nikakumbuka. Asubuhi Bwana Waliaula wa afya alisimama juu ya mtaro, akasema mama, mafuta yako yameziba mtaro wa watu wote, nikiyakuta tena Ijumaa nafunga kibanda. Kibanda ndicho chakula cha mtoto wangu. Zamzam wa mandazi, jirani yangu pale, akanipa pole huku akipima nafasi yangu kwa hatua. Hatua nne. Nilihesabu pia.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata akili. Magugu ya ziwani hayana mwenyewe. Nikajaza gunia, nikamwaga maji ya karai juu yake yachujike. Yakatoka chini na mafuta yake yote, pamoja na konokono mmoja. Zamzam akauliza, Mama Awuor, hiyo supu unauza ngapi. Kumbe lazima yakauke kwanza. Nimeyaanika.

Jumatano, 5 Machi
Mvua. Magugu bado mabichi. Lakini Awuor kadondosha kipande cha sufi kwenye ndoo, kikanywa mafuta, maji kikayaacha. Kakitoa wapi? Kwenye mto wa mama mkwe, aliyetutembelea kutoka Bondo. Umetoboka pembeni. Kwetu mke wa mtoto hakai hata kwenye kitanda cha mama mkwe. Basi sikukaa. Niliinama. Alipokwenda kwa akina mama wa kanisa nikatoa sufi yote, nikajaza magugu, nikashona. Mshono safi kabisa.

Ijumaa, 7 Machi
Bwana Waliaula kainama mtaroni, kanusa, kasema sawa mama, endelea, nitapita kila Ijumaa. Zamzam kaangalia pembeni. Raha. Ila sufi imeshiba mafuta, haifai tena.
Nyumbani mama mkwe hana amani. Anasema, nyathina, mwanangu, kila nikilala naota nazama ziwani, hata harufu ya maji naisikia. Kesho akina mama wanakuja kumwombea. Roho imeniuma. Nimeapa sitagusa tena kitu chake.

Jumamosi, 8 Machi
Maombi yatakuwa sebuleni. Yaani chumbani hakutakuwa na mtu. Na godoro lake, nimelibonyeza kidogo tu, ni sufi tupu. Wakifumba macho, mimi na wembe, dakika kumi. Magugu mengine ninayo, yamekauka karibu yote. Mama mkwe ananiita kutoka chumbani, anauliza konokono ameingiaje ndani ya mto, ngoja ni