Mjusi wa Daktari na Unga wa Mninga

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimeshinda! Mjusi yuko kwangu. Si mjusi kafiri wa ukutani. Huyu ni wa kufugwa: mnene, wa manjano, madoa mwili mzima kama chui. Ndiyo maana anaitwa Madoa. Anakaa kwenye sanduku la kioo. Mwenyewe ni Daktari Recheli, daktari wa mifugo, aliyekwenda Bukene kuchanja ng'ombe mpaka Jumamosi.

Alitaka kumwacha kwa Ngassa, seremala mwenzangu hapa Mtendeni. Nikamwambia daktari, kwa masikitiko makubwa, kwamba msumeno wa umeme wa Ngassa utampasua mjusi moyo. Wangu ni wa mkono. Akakubali. Ukweli ni kwamba daktari anafungua duka la dawa za mifugo na anatafuta fundi wa rafu. Mlezi wa mjusi ndiye fundi wa rafu. Nani asiyeliona hilo?

Agizo lake: mjusi alalie karatasi, nisibadilishe chochote.

Jumanne, 3 Juni

Nimebadilisha. Chui alalie gazeti! Tena la mwaka jana, ukurasa wa tanzia. Magazeti yote nimewashia mkaa. Nimemtandikia unga wa mninga kutoka chini ya msumeno wangu, mwekundu, laini, unanukia. Dada Koleta, ninayeishi naye, kauliza kama daktari ndivyo alivyosema. Nikamjibu kwamba daktari anajua ng'ombe, mimi najua mbao.

Madoa akapiga chafya. Nikaipokea kama shukrani.

Alasiri: macho hayafunguki, yamejaa vumbi. Koleta kamfuta kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Pamba chafu kaiweka juu ya meza yangu ya kazi.

Jumatano, 4 Juni

Nimetafakari. Nasikia kwao ni nchi kavu. Nchi kavu ni nini? Mchanga! Baiskeli mpaka Itetemia, ndoo mbili. Nikauchekecha kwa chekecheo la Koleta la unga wa ugali. (Hajui.) Sanduku limependeza! Hata Ngassa alichungulia akasifu. Nikatembea kifua mbele mchana kutwa.

Madoa kala panzi watano. Kila panzi kameza na mchanga wake. Hamu ya kula hiyo!

Alhamisi, 5 Juni

Hali mbaya. Madoa hali chochote. Hajapata choo tangu juzi. Tumbo gumu kama kokwa. Koleta kasema nimpigie daktari. Nikasema mtandao wa Bukene unasumbua. Kapiga mwenyewe. Mtandao safi kabisa.

Daktari hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Kaeleza polepole. Mchanga humezwa pamoja na chakula ukaziba utumbo. Unga wa mbao huingia machoni na puani. "Ndiyo maana nilikuachia karatasi, Fundi Eliya." Niutoe mchanga wote, nimwogeshe maji ya uvuguvugu yanayoishia tumboni, nimpapase tumbo taratibu, nimweke pa joto. Kesho mchana ikiwa bado, atapanda treni arudi. Karatasi ikikosekana, kigae laini kinafaa.

Vigae anavyo nani? Ngassa. Vilimbaki alipojenga sebule. Nikaenda nimejipanga kusema navitaka vya jikoni. Nilipofika, mdomo ukasema kweli yote, hadi uongo wa msumeno. Ngassa kacheka mpaka akakaa chini kwenye mbao. Kisha kapima, kakata viwili kwa mashine yake, kavibeba mwenyewe hadi kwangu. Kavipanga bila kuacha mwanya. Mtu wa ajabu. Sikupata hata kisingizio cha kumchukia.

Ijumaa, 6 Juni

Asubuhi tumemwogesha tena. Koleta ameshika, mimi napapasa kwa kidole kimoja. Nikausikia moyo wake unavyodunda, mdogo kama punje. Sikukumbuka rafu hata mara moja. Nilimwomba msamaha, kwa Kinyamwezi, lugha yetu ya mambo mazito, ili Koleta asidhani nafanya mzaha.

Saa nane mchana: choo! Kimejaa mchanga! Koleta kapiga kigelegele. Ngassa kazima msumeno, kaja mbio. Watu wazima watatu tumeinama juu ya kinyesi cha mjusi, tunapeana mikono ya pongezi.

Jumamosi, 7 Juni

Daktari karudi. Kamgusa tumbo, kamtazama macho, kampa panzi. Madoa kamla! Vigae kavipenda, anavichukua pamoja na mjusi. Rafu kampa Ngassa. Kamwajiri Koleta dukani, kwa kuwa ni mtu anayepiga simu. Mimi nitatengeneza kaunta, Ngassa akinisimamia. Tumekula wali na kuku sote pamoja, na nimeshiba vizuri. Maisha si mabaya.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada, Mama Leonia wa kwaya kanifuata. Kasikia nimemtibu chui. Sikuona haja ya kumsahihisha siku ya Pentekoste. Ana sungura sita, anauliza walalie nini. Nikatazama mbinguni kidogo, nikamwambia: pumba za mpunga, tele tele, zifike shingoni. Nimeshaagiza magunia mawili kutoka Nzega.

Koleta kauliza kama si vizuri nimuulize daktari kwanza.

Nikamweleza kwa upole kwamba hayo ni mambo ya mijusi. Sungura ni habari nyingine kabisa.