Kadi za Chini

Jumatatu, 4 Machi
Mwezi wa tatu wa majaribio, mapokezi ya kliniki ya macho. Ijumaa mganga mkuu anaamua kama ninaajiriwa. Akigundua kigugumizi changu, kwisha kazi. Lakini nina mbinu! Kadi za wagonjwa ambao majina yao yanaanza na A, E na M naziweka juu. B, K na T, chini kabisa. Nimeita watu thelathini bila kukwama. Waliobaki nimewaonyesha kibao: RUDINI KESHO.

Jumanne, 5 Machi
Bibi mmoja wa T amerudi. Benchi la mbele tangu asubuhi, jicho la kushoto linamchoma. Muuguzi akaniuliza mbona kadi ya bibi haipandi. Nikakwama. Nikajikohoza. Akaniletea maji. Aibu!

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda kwa mtaalamu wa matamshi, mlango wa pili, kumwulizia "binamu yangu". Nikamweleza kuwa mama anasema binamu alitishwa na mbwa, shangazi anasema alitekenywa mno utotoni. Akasema hapana, mara nyingi ni kurithi; woga hauleti kigugumizi, unakizidisha. Akauliza nani mwingine ukooni. Nyumbani nikamwuliza mama. Akaacha kukunja nguo. Akasema, baba yako, mwanangu, ndiyo maana alikuwa akijibu kwa kichwa tu.
Miaka yote nilidhani hanipendi. Tumemzika nikidhani hivyo.

Alhamisi, 7 Machi
Bibi tena. Nikachukua kadi yake, nikafungua mdomo. T... t... t... Benchi zima likageuka. Mwenye bandeji akauliza kama redio imeharibika. Wakacheka. Nikairudisha kadi chini. Bibi akamwuliza jirani yake kama kuna aliyeitwa. Akaambiwa, bado, bibi, karani ana kikohozi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeajiriwa! Mganga mkuu kanisifu: mtulivu, hana maneno mengi.
Leo muuguzi mwenyewe aliichomoa kadi ya bibi. Daktari amesema jicho la kushoto limekwisha. Angemwona Jumatatu angeliokoa. Bibi alinishukuru akitoka. Alidhani ni mimi niliyemwita. Nimelia chooni, bomba likiwa wazi.
Nimeapa kubadilika. Hakuna tena mtu kungojeshwa kwa sababu ya jina lake! Kuanzia Jumatatu nitawaita kwa namba. Nimejaribu mbele ya kioo. Moja, safi. Mbili, safi. Nane, safi kabisa.
Wenye tatu, tano, tisa na kumi watasubiri kidogo.