Uzinduzi wa Kifurushi cha Kwanza, Makindye

Mheshimiwa Mwenyekiti wa LC1, baraza letu la mtaa, pamoja na muhuri wako, waheshimiwa wajumbe wa Kamati, wa Kamati Ndogo na wa Kamati Ndogo ya Viti, afande uliyesimama mlangoni, viongozi wa dini zote, ndugu zetu wa Kongo na wa Kenya mnaofanya biashara hapa, mabibi na mabwana, na wewe fundi wa spika: mimi Tarcisio Ogwal, Mratibu Mkuu wa Vifurushi vya Programu Huria, nikiwa na akili timamu na suti mpya, natangaza rasmi kwamba leo, saa tano na dakika kumi na saba asubuhi, programu moja ya kuandikia barua itasasishwa. (Makofi. Afande anapiga saluti.)

Msidhani ni jambo dogo. Sistimu hii ya kompyuta ni ya bure, haina mwenyewe, yeyote anaichukua. Na kitu kisicho na mwenyewe, ndugu zangu, kinahitaji uongozi wa karibu sana. (Kicheko nyuma.) Programu zake zinakaa kwenye ghala la mtandaoni zikiwa vifurushi, na ukiita kifurushi kimoja hakiji peke yake: kinadai wenzake kumi na wawili, na hao wanadai wenzao. Wataalamu waliponieleza hilo nilielewa papo hapo, maana ndivyo nilivyoajiri ofisi yangu. (Shemeji zake wanashangilia.)

Tukaunda fremuweki. Kila kifurushi kilete barua ya LC1 wa kule kinakotoka, kipite kwa mastekiholda, kisha kisubiri. Tumefanya wokshopu saba kule Ggaba, kando ya ziwa, na samaki walipatikana kwa asilimia mia moja na nne.

(Sauti: “Mheshimiwa, hiyo ni amri ya mstari mmoja! Mimi pale Kisenyi naandika, dakika nne imeisha!”)

Huyo ni Ogutu, fundi wa kompyuta. Bwana Ogutu, mstari mmoja nani atausoma? Ripoti yetu ina kurasa mia mbili na kumi, na bado hatujafika kwenye utangulizi!

(Sauti ya mama: “Patron, mimi nataka kompyuta yangu! Tangu mwezi wa tatu!”)

Mama Huguette, subira. Wananchi, mama huyu anawachapia barua wanaotafuta kazi na wakimbizi wanaoomba vitambulisho, na kwa miezi sita ametuachia kompyuta yake iwe ya mfano.

(“Nimeacha wapi? Mulikuja kuibeba! Wateja wote wako kwa Nerima, mchapaji jirani yangu, sasa, na mimi nakula nini?”)

Huo ndio uzalendo! (Watu wanazomea.) Asanteni. Mwenyekiti, vuta pazia. (Pazia linavutwa. Kompyuta imo ndani ya nailoni, waya wake umefungwa kwa mpira.) Tazameni! Miezi sita, na haijapata kirusi hata kimoja! Vifurushi! (“Juu!”) Uhuria! (“Juu zaidi!”) Barua ya LC1! (“Muhuri!”)

Nimalizie kwa shukrani. Mama Huguette, usinikatize, naona unaibeba. Ogutu, mshikie upande huo, isianguke. (Afande anawafungulia mlango.) Namshukuru mama huyu kwa dhati, kwa sababu mradi ulikuwa na mratibu, manaibu wanne na dereva, lakini kompyuta ilikuwa hiyo moja tu. Nayo hatukuwahi kuiwasha. Ofisini kwetu hakuna umeme.