Vimkia Vinne vya Hélène Crété

Jumatatu, 3 Machi
Vidole vyangu vimekufa. Mwaka na miezi miwili nabeba maboksi ya minofu ya sangara kwenye chumba cha barafu hapa Nyakato. Hata kalamu hii naishika kama jembe. Leo Mama Dorcas, msimamizi, kauliza nani anajua Kifaransa. Mteja mpya, Hélène Crété, kakataa lebo zetu kwa sababu jina lake limetoka bila vile vimkia juu ya herufi. Nikanyoosha mkono! Nikasema mimi mtu wa Ngara, Burundi ni pua na mdomo. Ngosha, mbebaji mwenzangu, akacheka hadi boksi likamponyoka. Acheke. Mama kasema lebo zikikubali kufikia Alhamisi, kiti cha ofisini changu. Zikikataa, barafuni. Nimeshampigia mke wangu Renatha, nimemwambia mumeo ni mtu wa ofisi.

Jumanne, 4 Machi
Kompyuta ya lebo ina dirisha jeusi. Unaandika mstari, unabonyeza, inakujibu. Nimenakili jina kutoka kwenye barua ya mteja, nikalibandika. Ikatoka H\303\251! Mama wa watu kapewa namba kama mfungwa! Nikafuta. Ikafutika nusu. Nikafuta tena, ikameza na H. Nimepiga meza, kidole ndipo kikapata uhai, kwa maumivu. Faisal, fundi wa kompyuta, kasema kwa upole kaka Deodatus, hilo dirisha halijawekwa herufi za kigeni, nipe nusu saa nilirekebishe. Mjanja! Akirekebisha yeye, kiti anakalia nani? Nimemwambia dogo, pita mbali.

Jumatano, 5 Machi
Nimejaribu kuweka kialama cha nukuu pembeni ya e, kiwe kimkia. Dirisha likatoa kimshale, likanyamaza. Linasubiri. Na mimi nikasubiri. Tumenuniana hadi chai ya saa nne. Ngosha kachungulia mlangoni, kauliza bosi, Kifaransa kimeganda? Shenzi.

Nikitoka nimeokota magamba ya sangara. Membamba, meupe. Nina wembe.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebandika vigamba vinne kwenye kioo cha kompyuta, kila kimoja juu ya e yake. Jina likang'aa! Nikamwita Mama Dorcas. Kavaa miwani, kasema kumbe Ngara kuna wasomi. Nikamwambia shikamoo mara ya pili kwa furaha.

Kisha akabonyeza mwenyewe ili lebo zitoke. Jina likapanda juu mstari mmoja. Vimkia vikabaki pale pale, hewani.

Mama kakwangua kimoja kwa ukucha. Kanusa. Kanyoosha kidole kuelekea barafuni.

Ijumaa, 7 Machi
Faisal karekebisha kwa dakika ishirini. Kakalia kiti. Kanipungia mkono, mshenzi yule, eti kwa huruma.

Magamba hayakuwa na kosa. Kosa ni la Mama, nani alimtuma kubonyeza? Renatha kapiga, nimesema siwezi kuongea, niko kikaoni. Meno yanagongana.

Ngosha kasema mwezi ujao anakuja mteja wa Ureno. Kireno nakijua. Magamba nimeshaanika juu ya bati, safari hii makubwa.