Hotuba ya Kuzindua Maabara ya Kupima Spika za Masikioni za Bei Chee

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ameshindwa kufika na ambaye nimejiteua mimi mwenyewe kumwakilisha. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Masikio. Mheshimiwa Makamu wake, anayeshughulikia upande wa kushoto. Wakuu wa vitengo, vitengo vidogo, na vitengo vinavyosubiri kupewa jina. Mama mkwe wangu mpendwa, shikamoo mama, uliyeketi mstari wa mbele kwa hadhi yako na si kwa sababu ya gari la ofisi lililokuleta. Mafundi simu, vinyozi, wachuuzi wa meza na wa mabegani. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naomba izingatiwe kuanzia sasa. (Makofi. Kipaza sauti kinapiga mluzi. Makofi yanaongezeka, watu wakidhani mluzi umo kwenye ratiba.)

Ndugu wananchi, mimi, Mkurugenzi Msaidizi Mwandamizi wa Idara ya Usikivu wa Umma, nimesimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kifani, furaha shirikishi, furaha endelevu, furaha iliyopitishwa na kikao, kuwatangazia kwamba utafiti wetu wa awali umebaini kuwa asilimia tisini na tisa ya wananchi wana masikio, na hao waliobaki walituambia hawajasikia swali. (Kicheko.) Masikio hayo, ndugu zangu, yamo hatarini! Yamo hatarini kutokana na vifaa vya usikilizaji vya ndani ya tundu la sikio vya gharama ya chini, ambavyo ninyi huku mtaani mnaviita spika za masikioni za bei chee, zile ambazo wimbo wa mapenzi unasikika kama mtu anakaanga vitunguu ndani ya ndoo, besi imekimbia, mwimbaji yuko upande wa kulia na wapiga ngoma wamehamia nyumba ya jirani. (Kinyozi, kutoka nyuma: "Hapo umesema kweli, mkurugenzi! Yangu inaimba ikiwa nimeinamisha shingo tu!" Kicheko kikubwa.)

Asante, kinyozi, umechangia, utaandikwa kama stekiholda. Sasa, sisi kama idara hatukulala. Tulikamata mzigo sokoni kama sampuli, ile katoni mnayoiona hapa mezani, tukaunda Kamati ya Sikio la Kulia na Kamati ya Sikio la Kushoto, kila moja ikiwa na ukumbi wake, chai yake na katibu wake, na wajumbe wakazivaa hizo spika asubuhi mpaka jioni kwa uzalendo mkubwa. Na kwa kuwa simu ziko chini ya idara nyingine, nasi hatupendi kuingilia kazi za watu, upimaji wetu ulifanyika bila kuziunganisha na simu yoyote. (Watu wanageukiana.) Matokeo yake, ndugu wananchi, ni ya kutia moyo mno! Hakuna mkwaruzo! Hakuna mkoromo! Besi imetulia! Kulia walitoa alama arobaini na nane kwa mia, kushoto arobaini na saba, tukajumlisha tukapata tisini na tano! (Kicheko kirefu. Fundi simu ameanguka kwenye benchi, anapepewa na wenzake.) Naona mmeguswa. Mimi mwenyewe niliguswa.

Naam? Kuna nini huko katikati? Naomba mama huyo akae, maswali yako mwishoni, na mwishoni hakutakuwa na muda.

(Mama kijana amesimama. Mtoto amelala begani mwake, mdomo wazi, mate yakimtiririka mama hadi kwenye kola. Mama anasema kwa sauti ya chini sana, na ukumbi wote unanyamaza ili umsikie: "Mheshimiwa, mimi ndiye mwenye hiyo katoni. Hiyo ndiyo duka langu lote. Leo siku ya soko, watu wako nje wamejaa. Naomba mzigo wangu nikauze.")

MAMA! NASHUKURU KWA HOJA YAKO! LAKINI KWA MUJIBU WA MWONGOZO, KATONI HAITOKI MPAKA IPIGWE MUHURI WA—

(Mtoto anashtuka, anakunja uso. Mama mkwe wa mkurugenzi anageuka, anamwona mtoto, kisha anamgeukia mkurugenzi na kuinua kidole kimoja: "Baba. Punguza sauti. Mtoto wa watu amelala.")

Mama, huu ni uzinduzi, kuna itifaki za ku—

("Nimesema kitu mimi?")

Hapana, mama. Ndiyo, mama. Samahani, mama.

(Kuanzia hapa mkurugenzi anahutubia kwa kunong'ona, mdomo ukiwa karibu kumeza kipaza sauti. Makofi yanapigwa kwa kupunga viganja hewani.)

Ndugu wananchi... kwa sauti hii ya chini, lakini yenye uzito uleule... narudia kwamba katoni ya mama huyu haiwezi kutoka mpaka ipate muhuri wa maabara. Ndivyo mwongozo unavyosema. Mimi mwenyewe roho inaniuma. Nina watoto, najua kulea. (Mama mkwe: "Unajua nini wewe? Wako wanalelewa na binti yangu." Ukumbi unacheka bila sauti, mabega yanaruka kama ya watu wenye kwikwi.) Ni kweli, mama, nakubaliana na mchangiaji.

(Mama kijana, akiyumba taratibu kumbembeleza mwanawe: "Huyu hajalala tangu jana, meno yanatoka. Sina nguvu ya kugombana na mtu, mheshimiwa. Ila siondoki bila katoni yangu. Kama ni muhuri, niambie maabara iko wapi, niende sasa hivi, kwa miguu.")

Swali zuri. Swali la kimkakati. Maabara hiyo, dada yangu, ni ya kisasa, ina vyumba vya ukimya, ina mashine inayotofautisha filimbi na mlango usiotiwa mafuta, itaajiri vijana elfu tatu, wenye kusikia vizuri elfu moja na wenye subira elfu mbili, na iko katika hatua nzuri sana. (Mama kijana: "Iko wapi?") Iko katika mpango kazi. (Mama: "Mlango wake uko mtaa gani, kaka?") Nadhani sasa tuingie kwenye kaulimbiu.

Naomba wote mnyanyuke... polepole, viti visilie... mseme pamoja nami. Sikio salama! (Umati, kwa kunong'ona: "Taifa sikivu!") Sauti bora! (Umati: "Shhh!" Kisha: "Haki ya kila sikio!") Usikivu! (Umati: "Hoyee," taratibu kabisa, kama watu wanaopuliza uji wa moto.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mchoraji aliyetuchorea picha ya maabara iliyoko kwenye fulana mlizovaa. Nawashukuru wenye kiwanja waliosema watafikiria, na bado wanafikiria. Nalishukuru jengo lenyewe kwa uvumilivu wake wa kutojengwa mpaka leo. Na kwa kuwa utepe wa uzinduzi ulikwisha kununuliwa, na hatukuwa na mlango wa kuufunga, wala ukuta wa kutia mlango, namshukuru katibu wangu kwa ubunifu wa kuufunga utepe huo kwenye kitu pekee tulichokuwa nacho, yaani katoni ya mama huyu.

(Mama kijana anapita katikati ya ukumbi. Watu wanavuta miguu kumpisha. Anafika mezani.)

Dada, subiri, kuna mkasi, kuna mto wa mkasi, kuna mtu maalumu wa kushika mto wa—

(Mikono yake yote miwili imemshika mtoto. Anainama, anaukata utepe kwa meno, anafungua katoni kwa kiwiko. Mama mkwe anasimama na kuanza kupunga viganja hewani. Ukumbi mzima unapunga.)

Basi... kwa mamlaka niliyopewa... natamka rasmi kwamba kilichofunguliwa, kimefunguliwa.

(Mtoto anageuzia kichwa upande wa pili na kuendelea kulala. Watu wanajipanga mbele ya katoni, kinyozi akiwa wa kwanza, fundi simu nyuma yake akiwa bado anafuta machozi. Mkurugenzi anashuka jukwaani, anasogea ubavuni mwa mama kijana na kunyoosha mkono.)

Dada, hebu nichagulie pea moja, ile nyeupe.

("Foleni inaanzia kule nyuma, mheshimiwa. Na utembee taratibu.")